Picha ya Ngazi za Njano

Kila Jumamosi asubuhi Tova huosha vyombo huku mama yake, Kristin, akinywa kahawa na kuchora kwenye bahasha yoyote iliyo karibu. Mama ni mbunifu wa mabango, na akiona karatasi tupu hawezi kuiacha ilivyo.

Jumamosi hii vyombo vilibaki kwenye sinki. Ilikuwa ile siku ya mwaka ambayo wabunifu wa mji wao, Duluth, huweka kando kazi za wateja wao na kukusanyika katika ukumbi wa shule. Kutwa nzima hufanya kazi bila malipo kwa ajili ya mashirika yanayosaidia watu. Kundi moja lingetengeneza nembo ya jiko linalolisha wazee, jingine kitabu cha kituo cha vipofu. Kundi la mama lilipewa nyumba ya Bi Loretta, ambako wanawake na watoto waliokimbia vipigo hukaa kwa siri. Bi Loretta alihitaji bango la kubandikwa vituo vya basi, lenye namba ya simu ya kuomba msaada.

"Mbona kimya?" mama aliuliza wakiwa garini.

"Usingizi tu," alisema Tova.

Haukuwa usingizi. Jumapili iliyopita yeye na mama walikuwa wameitembelea nyumba ile. Mlangoni Bi Loretta aliwaomba waache simu garini. Tova alisema ameiacha yake, kumbe ilikuwa mfukoni mwa sweta. Wakati wa kuondoka, mama akiwa ameshaingia garini, Tova alichungulia nyuma ya nyumba akaona ngazi za njano, vyungu vya maua, na viatu vyekundu vya mvua vya mtoto kando ya mlango wa nyuma. Vilimpendeza. Akapiga picha moja haraka, akaificha simu. Tangu siku hiyo kila alipoifungua picha ile alihisi kama kuna mtu amesimama nyuma yake.

Ukumbini walimkuta Desmond, fundi wa kuchora herufi za mabango mwenye ndevu nyingi na utani mwingi, pamoja na mwanawe Hollis, anayesoma darasa moja na Tova.

"Tova, hebu nitafutie kishika nafasi hapo juu," Desmond alimwambia, akionyesha kioo cha kompyuta.

Wabunifu ndivyo wafanyavyo. Kabla picha halisi haijapatikana, huweka picha yoyote mahali pake ili waone bango litakavyokaa, kisha baadaye huitoa. Mama alikuwa na mabango kadhaa ambamo paka wao ameketi mahali pa meya. Tova akawaza: itatolewa tu, nani atajua? Akaweka zile ngazi za njano.

Desmond alivuta kiti karibu. "Hii umeitoa wapi?"

"Mtandaoni. Zile za bure."

"Una hakika ni ya bure?"

"Ndiyo."

"Kristin, njoo uone. Huyu binti yako atatunyang'anya kazi."

"Mimi ningeweka paka," Hollis alisema.

"Wewe ungeweka sahani ya viazi," baba yake akamjibu, na watu wa meza ya jirani wakacheka. Tova naye alicheka.

Mchana watu walihamia chumba cha pili kula supu. Bi Loretta alipita kuwashukuru. Alikuwa mwanamke mfupi wa sauti ya chini, na aliongea huku ameshika kitasa cha mlango, kwani hakupenda kukaa mbali na nyumba yake kwa muda mrefu. Kijana mmoja alimuuliza kwa nini bango lisiwe na anwani ili watu wafike kwa urahisi.

"Kwa sababu wanaowatafuta pia watafika kwa urahisi," alijibu. "Tulipokuwa katika nyumba ya zamani, mtu aliweka mtandaoni picha ya keki ya siku ya kuzaliwa. Dirishani nyuma ya keki ilionekana paa la duka. Mume wa mama mmoja akalijua paa lile. Usiku uleule alikuwa mlangoni. Hakuna aliyeumia, ila tulilazimika kuhama wote, na mtoto wa mama huyo mpaka sasa halali taa ikizimwa."

Kijiko cha Tova kilibaki hewani. Nyuma ya ngazi za njano, juu ya miti, kulikuwa na tangi la maji, dogo kwa mbali, lenye mchoro wa samaki mkubwa wa buluu. Hakuna mtu mjini asiyejua tangi lile lilipo. Aliviona tena vile viatu vyekundu. Safari hii akilini alimwona pia mtu akizipanda zile ngazi, taratibu, bila kubisha hodi.

Bi Loretta aliaga akaondoka. Tova alirudi mezani mbio. Aliketi mbele ya kompyuta, akajiambia ataweka paka, basi, na yatakuwa yameisha. Lakini mama alikuwa amesimama pale, anavaa koti.

"Tumeiacha picha yako," mama alisema huku akitabasamu. "Hatukupata nyingine nzuri kama hiyo. Nimeshatuma faili kwa Bwana Wuori, anachapa sasa hivi. Vijana wa kujitolea watayabandika mabango jioni hii hii."

Tova aliinuka kitini.

"Umekuwa mweupe kama ukuta," Hollis alisema. "Ni supu? Nilikwambia ile supu."

"Niache, Hollis."

Alikimbilia chooni, akajifungia. Kama angenyamaza, mama angeendelea kutabasamu vile, na Desmond angeendelea kumsifu. Pengine hakuna ambaye angeliangalia tangi. Pengine. Alijaribu kulishika neno hilo likamponyoka. Alirudi ukumbini, akaushika mkono wa koti la mama.

"Mama, ile picha ni nyumba ya Bi Loretta. Niliipiga mimi. Simu sikuiacha garini."

Tabasamu la mama lilikatika. Hakupiga kelele. Angepiga kelele, Tova angeogopa kidogo kuliko hivi. Mama aliinama kwenye kompyuta, akakuza picha, akaliona tangi na samaki wake. Akapiga simu kwa mchapaji. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Hasikii. Mashine zinanguruma," Desmond alisema. Sasa hakuwa na utani hata chembe. "Nendeni. Mimi nitawatafuta vijana wa kubandika."

Gari liliteremka mlimani kuelekea ziwani. Ukungu ulikuwa umefunika barabara, na kila taa nyekundu ilikaa kama haitabadilika. Mama alitazama mbele tu. Tova alikikodolea macho kila kituo cha basi walichopita, akiogopa kuona rangi ya njano.

Kwenye karakana ya uchapaji, Bwana Wuori alikuwa akifunga furushi kwa kamba. Msichana mwenye kofia ya sufu alikuwa ameshapakia jingine kwenye gari lake, injini inawaka.

"Zima mashine, tafadhali," mama alisema kwa nguvu. Kisha akamshika Tova begani. "Mwambie sababu."

Tova alieleza yote. Bwana Wuori hakuuliza la pili. Alibonyeza kitufe, karakana ikawa kimya, akaenda mwenyewe kuizima injini ya gari la yule msichana. Desmond alipiga simu kusema hakuna bango lililokwishatoka. Waliyapitisha yote kwenye kisu cha mashine, hata yale ya majaribio yaliyotupwa chini ya meza. Tova aliyaokota akiwa amepiga magoti mpaka lisibaki hata moja, kisha akaifuta picha simuni mama akiangalia.

Jioni Bi Loretta alirudi ukumbini. Mama alikuwa amemtaka Tova amweleze mwenyewe, na hofu ya kumtazama machoni ilizidi zote za siku ile. Bi Loretta alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi taratibu.

"Nimekasirika," alisema. "Sitakuficha. Uliniambia simu iko garini, nami nikakuamini, na kwangu watu wanaishi kwa kuaminiana tu. Ule uongo uliuona mdogo kwa sababu uliutazama ukiwa kwako. Uongo huo ulipotoka kwako, ulielekea mlangoni kwa mtoto ambaye hujawahi kumwona. Lakini umesema wakati bado kuna kitu cha kuzuia. Watu wazima wengi husubiri mpaka pasiwe na kitu, ndipo wanasema wanasikitika. Siku nyingine ukiogopa hivyo, fanya kama leo, ila mapema zaidi."

Bango jipya halikuwa na picha. Desmond aliandika maneno machache kwa herufi kubwa, na chini mama akaweka vipande vidogo vya kuchanwa, kila kimoja na namba ya simu.

Jumatatu, wakienda shule, Tova na mama walipita kituo cha basi. Bango lilikuwa pale, na kipande kimoja kilikuwa kimeshachanwa. Tova akaanza kuwatazama watu waliosimama kituoni, mmoja baada ya mwingine.

Mama alimgeuza taratibu kwa bega.

"Usimtafute aliyekichana," alisema. "Kumsaidia ni pamoja na kutomwona."