Chupa ya Mwisho ya Tawete

Chombo kilichombeba Tawete kilikuwa kimeshaupita mwezi, kinaelekea Mirihi, safari isiyo na kurudi. Huku Iringa rafiki yake Kihwele alikuwa amelazwa hospitali ya kilimani, mapafu yamevimba, akikitazama kioondani. Hicho ni kioo kilichoshushwa juu ya kifua cha mgonjwa na kuonyesha kinachotembea ndani yake. Siku hiyo kilionyesha vidoa vya kijani, vingi kama usubi, vikipanda mshipa wa mkono, vikipita moyoni, kisha vikinasa kwenye mapafu.

Zilikuwa seli shina za Tawete, zilizotolewa kwenye uboho wa nyonga yake kabla hajaondoka.

"Mngoni huyo anaingia," Kihwele alisema huku akikohoa. "Mchungeni, asije akawinda panya humo ndani."

Daktari Semeni akacheka. Mhehe na Mngoni ni watani, wakitukanana hakuna wa kununa. Hawa wawili walitukanana hivyo tangu ujana, walipokuwa wakifunga nyaya za magari ya angani juu ya bonde la Ruaha.

Kifua kikaanza kuachia. Lakini kila asubuhi vidoa vilipungua, mpaka kioo kikawa cheusi.

"Amekwenda wapi?"

"Zimekufa, babu. Ndivyo zilivyo. Hazigeuki kuwa pafu. Zinafika penye uvimbe, zinatoa kemikali za kutuliza, askari wa mwili wako wanaacha kupigana ovyo, basi, zinakufa. Kujenga unajenga mwenyewe."

"Mimi nilimwambia atakaa humu."

"Imebaki chupa moja kwenye barafu. Tuitie leo."

"Hapana. Iacheni hukohuko."

"Babu, uvimbe ukirudi mapafu yatakuwa makovu matupu. Hutatoka hapa."

"Binti, chupa ile ikiisha hakuna tena Tawete duniani. Hana mtoto. Hata kaburi la kwenda kulifagia hatakuwa nalo."

Semeni akavuta kiti. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Kihwele akamsimulia siku yeye alipofiwa na mama yake. Kaka zake wawili walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya shamba, na mbele ya jeneza wakakaribia kushikana mashati. Tawete, kama mtani afanyavyo msibani, akarukia kaburini, akalala chali, akapiga kelele kuwa hatoki mpaka Wahehe wampe jogoo, tena jogoo aliyenona kuliko wao. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Wale kaka wakashuka pamoja kumtoa, mmoja miguu, mmoja mabega.

"Halafu?"

"Akapewa jogoo wake, akaondoka. Hata chai hakunywa. Kaburi tulilifukia wenyewe, na kaka zangu walikuwa wanapokezana jembe moja."

Akakitazama kile kioo cheusi. Kisha akakunja mkono wa shati.

"Haya, mleteni. Mwambieni safari hii jogoo hakuna."

Uvimbe haukurudi. Kihwele alirudi kwake Kalenga, akafuga kuku, akafa kwa uzee. Semeni alihamia Mbeya, akafundisha. Chupa ilioshwa ikatiwa seli za mtu mwingine. Tawete alifika Mirihi, akafunga nyaya, akafia huko. Miongoni mwa wenzake hakukuwa na Mhehe hata mmoja, wakamzika kimya.