Akaunti ya Nthenya

"Ifomati hii laptop, Mutie! Futa kila kitu, uweke Windows mpya."

"Mama Kalunde, si lazima kufomati. Nikiisasisha tu, unapata mpya na vitu vyote vinabaki mahali pake."

"Na uchafu unaoifanya iwe nzito?"

"Huo nao unabaki kidogo."

"Basi futa."

"Nimesema hapana!"

Mutie, ambaye huniita kwa jina la mwanangu, hakuwahi kunipandishia sauti. Ni fundi wa kompyuta kutoka Makindu, na hiyo laptop alinipa yeye nilipofungua duka langu la kuchapa hapa Sultan Hamud. Jumamosi wazee wake walikuwa waje kwetu na mbuzi wa ntheo, wale wanaomfanya mwanamke wa Kikamba awe mke. Sasa nikataka kujua.

"Kazi yangu yote nimeinakili kwa flashi. Chako kitakachopotea ni nini?"

"Hakuna."

Nikaiwasha mwenyewe. Akaunti tatu zikatokea: yangu, yake, na ya mtu anayeitwa Nthenya, jina nililoliona kila siku bila kuuliza.

"Huyu ni nani?"

"Tuliachana kitambo. Ni picha tu ziko hapo."

"Picha za nini?"

"Za ntheo yetu."

"Nipe namba yake."

"Ya nini tena?"

"Nimuulize kama anazitaka kabla hatujafuta."

Akanitajia namba yote kwa kichwa, bila kugusa simu yake. Nikapiga.

"Dada, naitwa Kasiva. Niko na Mutie hapa. Picha zako ziko kwa kompyuta yangu. Nizifute?"

"Futa tu, dada. Lakini mwambie aje achukue mbuzi wake wa ulee."

Nikakaa chini. Kwetu, ndoa haijavunjika mpaka mume apokee mbuzi huyo kutoka kwa wazazi wa mke.

"Kwani hajamchukua?"

"Baba amemwita mpaka amechoka. Mbuzi mwenyewe ameshazaa hapa."

Nikakata simu.

"Kwa hivyo nilikuwa niolewe na mume wa mtu?"

"Mbuzi nitamchukua Desemba."

"Desemba ya nini? Pikipiki yako iko nje. Nenda sasa. Ukirudi na mbuzi, Jumamosi iko palepale."

Hakuinuka.

"Mutie, unangoja nini?"

"Nikimpokea yule mbuzi, Nthenya si wangu tena."

Maneno yalipomtoka, akainamisha kichwa.

"Haya. Fungua akaunti yako, ndiyo yenye ruhusa ya kufuta nyingine."

"Unataka kufuta ya Nthenya?"

"Fungua."

Akaandika nywila. Nikavuta laptop kwangu, nikatafuta akaunti yenye jina langu, Kasiva, nikabonyeza futa. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

"Mama Kalunde, tuongee..."

Nikaitia laptop kwenye begi lake pamoja na chaja, nikamvalisha begani, nikamfungulia mlango.

Kabla pikipiki haijanguruma, nilikuwa nimeshapiga simu nyumbani.

"Mama, Jumamosi hakuna wageni. Nendeni shambani."