Sahani Moja ya Kikosi cha Kozi

Siku Swaib alipoletewa bawa la ndege iliyoanguka, hakuna bundi aliyelia wala mbwa aliyebweka. Ilikuwa asubuhi ya kawaida hapa kwetu Mpumudde, mjini Jinja. Watoto walikuwa shuleni, vijana wa boda boda walikuwa wakibishana juu ya mpira, na jirani yetu huyu alikuwa chini ya mabati ya karakana yake akisubu masufuria. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Vyuma chakavu vya alumini huyeyushwa kwenye tanuri, humiminwa kwenye kalibu ya mchanga, na jua likianza kuteremka mtu ana sufuria la kupikia wali wa arusi.

Wafyatua matofali wa Budondo ndio walioleta lile bawa. Walilikuta limezama kinamasini. Ubavuni lilikuwa limechorwa ndege mwenye makucha wazi, na rangi yake haikuwa imechujuka hata kidogo. Bruhan, mdogo wake Swaib, alilipiga kofi kama mnunuzi anayesifia ng'ombe.

"Kaka, hii alumini safi. Mungu amekuona."

"Ametuona sisi wawili," Swaib akamjibu.

Walikuwa chanda na pete hao. Mama yao alipofariki, Swaib ndiye aliyemlea Bruhan, akamfundisha kazi, akamwoza. Watu walimtania kwamba Swaib akipiga chafya, Bruhan ndiye anayefuta pua. Wala hawakukasirika, maana ilikuwa kweli.

Bawa liliyeyushwa, yakatoka masufuria mengi. Moshi wake ulinuka mafuta ya taa, lakini vyuma chakavu hunuka mengi, wakaendelea na kazi. Madogo yaliuzwa mpaka Wanyange na Budondo. Kubwa kuliko yote Swaib alimpelekea mkewe Shamim, naye Ijumaa akalipikia pilau. Baada ya swala ndugu wale wawili wakakaa kwenye sinia moja, mkono kwa mkono, Bruhan akisukuma nyama upande wa kaka yake kama alivyozoea.

Kisha watu wakaanza kuuana.

Wa kwanza ni wavuvi wa Wanyange, mtu na binamu yake. Walikula samaki pamoja, wakanawa. Mmoja akachukua kasia akampiga mwenzake kisogoni. Mwenzake alianguka, naye akaendelea kupiga. Majirani walipofika, kichwa hakikuwa tena na umbo la kichwa, na yule mvuvi bado alikuwa akiinua kasia na kulishusha, taratibu, bila hasira.

Halafu Kagoya wa Budondo. Alikuwa akipalilia mahindi na mdogo wake wa kike mchana kweupe, wametoka kula pamoja. Alimkata shingo kwa jembe kutoka nyuma. Shingo ilibaki imeshikwa na kipande cha ngozi. Polisi walimkuta amempakata marehemu, akimwondoa nzi usoni.

Norman, askari magereza anayepanga nyumba ya pili kutoka kwa Swaib, ndiye aliyeleta habari za Kagoya. Ni mtu wa kaskazini, mpole, asiyependa maneno mengi. Siku hiyo alizungumza kwa kunong'ona.

"Bwana Swaib, mimi nimeona wauaji wengi. Lakini hii mama hajui Kiswahili. Hata kuomba maji hawezi, anajua Kisoga tu. Sasa kila nikipita kwa mlango yake, anasimama wima. Anasema na sauti ya mwanaume: 'Tayari, afande.'"

Swaib alikwenda Budondo kutoa pole, kwa kuwa Kagoya alikuwa mteja wake. Nje ya jiko aliliona sufuria alilomuuzia limepinduliwa juani. Kitakoni palikuwa na ndege mwenye makucha wazi, ameumuka kutoka kwenye chuma chenyewe. Swaib hajawahi kuchonga ndege kwenye kalibu yake. Alirudi nyumbani mbio, akapindua sufuria la Shamim. Ndege yupo. Akakaa chini pale pale jikoni.

Norman alipoitwa, alitazama mara moja tu, kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Hiyo ni Kozi," alisema. "Ile ndege ya kuwinda, alama ya kikosi ya marubani. Baba yangu alikuwa jeshi ya ndege. Hao Kozi wote walikufa, amebaki moja. Anaitwa Yekosofati. Iko Mbale, chini ya mlima Wanale. Enda, bwana. Usikae."

Swaib na Bruhan walizunguka nyumba kwa nyumba wakiyakusanya masufuria yote, wakayavunja. Lile kubwa wakalitia kwenye gunia, wakaenda nalo Mbale.

Yekosofati walimkuta amekaa peke yake kwenye nyumba ndogo kando ya migomba, mzee mrefu mwenye shati lililopigwa pasi. Swaib alipolitoa sufuria, mzee alivua kofia. Hakuuliza limetoka wapi.

"Hii ni ndege ya Wanzala, rubani mwenzangu," alisema. "Kaeni chini, watoto yangu."

Aliwasimulia. Kikosi cha Kozi kilizaliwa katika miaka ya utawala wa askari. Vijana walichukuliwa madarasani, wakapelekwa nchi ya baridi, wakafundishwa kuruka na watu ambao lugha yao hawakuijua. Waliporudi, ndege zao zilipita juu ya Jinja siku za sherehe, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Kozi waliruka wawili wawili. Mmoja mbele, mwenzake nyuma akimlinda mgongo. Na kila wawili, kabla ya kupanda, walikula sahani moja. Kilikuwa kiapo chao. Uliyekula naye huwezi kumwacha afe.

"Mwanzo tuliruka kuonyesha," mzee alisema. "Baadaye tuliruka kupiga. Tukapiga misitu. Tukapiga vijiji. Mtoto anakimbia chini, wewe uko juu, unamwona kabisa. Wanzala akasema basi. Siku hiyo tumekula mimi na yeye posho ya mahindi na maharagwe. Tukapanda. Tulipofika juu ya Budondo akageuza pua kwenda Kenya. Alikuwa anakimbia. Redio ikasema, 'Mpige.'"

"Nani alimpiga?" Bruhan aliuliza.

"Nani alikuwa nyuma yake?"

Kuku alipita uani, na mzee akamfuata kwa macho mpaka alipotokomea.

Ndugu wa Wanzala hawakupewa hata ukucha wa kuzika. Wakafanya kama desturi inavyotaka mwili ukikosekana: wakazika gogo la mgomba, wakalililia kama mtu. Yekosofati alinunua kiwanja kando ya kaburi hilo, akahamia. Tangu siku ile hajala na mtu. Wenzake kikosini waliambiwa wapigane hivyo hivyo, rafiki kwa rafiki, mpaka ndege zikabaki nyasini na kuku wakatagia kwenye viti vya marubani.

"Nyinyi mmekula kwa chuma yake," mzee alisema. "Mmoja wenu atasikia amri."

Swaib alimshika Bruhan mkono bila kujua. "Mzee, huyu ni ndugu yangu wa pekee. Nichukue mimi, fanya utakalo. Yeye aishi."

"Sio mimi nachukua. Ni Wanzala. Sikia. Pikeni posho na maharagwe kwa hiyo sufuria. Mimi nitakula na yeye pale kwa kaburi, sahani moja, kama zamani. Nilimkimbia kwa sahani, leo narudi. Akishanipata mimi, hasira yake itaisha, nyinyi mtaenda salama."

"Atakuua?"

"Mimi nimechoka, mtoto yangu."

Bruhan alichota maji, Swaib akapika maharagwe, akasonga ule ugali wa posho. Mzee alinyoa ndevu. Jua lilikuwa limesimama utosini na mbingu haina hata wingu moja. Swaib alipakua kwenye sahani ya bati, akaibeba kwa mikono miwili mpaka kaburini, ambapo Yekosofati alikuwa amepiga magoti.

Hapa ndipo moyo unaponiuma kila nikisimulia. Kwetu aliyepika huonja kwanza mbele ya mlaji, ili mlaji ajue hamna sumu. Mtoto anayejifunza kubeba kikombe anaijua adabu hiyo. Swaib hakufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, ukamega tonge dogo, ukachovya kwenye maharagwe, ukatia mdomoni. Kisha akaiweka sahani chini kwa heshima zote.

Yekosofati aliinua macho kutoka kwenye sahani.

"Umeonja?"

"Ndiyo, mzee. Ni salama."

"Mungu wangu." Mzee alinong'ona. "Kwa hii sahani viti ni viwili tu. Cha Wanzala na changu. Mimi atanichukua. Lakini kiti yangu, ile ya nyuma, ya mtu wa kupiga, haiwezi kubaki wazi, na wewe umeshakaa."

Swaib alitema. Alitia vidole kooni akatapika. Alikuwa bado ameinama aliposikia mngurumo.

Ulitokea upande wa mlima. Ukakua. Migomba ikalala chini. Bruhan akaziba masikio, akapiga kelele ambayo haikusikika. Hakukuwa na kitu angani. Yekosofati alinyoosha mkono, akatia tonge mdomoni, akamtazama mtu aliyekaa mbele yake. Mbele yake hapakuwa na mtu.

Kifua chake kikapasuka. Kilipasuka kutoka nyuma kuja mbele, tundu moja, jingine, jingine, kila moja la kuingiza ngumi. Mkono wa kushoto ulikatika ukarukia migombani. Damu ilimwagika juu ya posho ikachanganyika na mchuzi wa maharagwe. Kisha kukawa kimya.

Nusu ya pili ya sahani ilikuwa imeliwa. Alama za vidole zilionekana wazi.

Polisi waliwahoji ndugu hawa, wakawaachia. Mzee alikuwa amepigwa kwa silaha ambayo watu wawili hawawezi kuibeba kwenye gunia. Waliingia Jinja asubuhi, Bruhan akijikaza kuchekesha.

"Kaka, umeonja tonge moja, na umelitapika. Hata mchawi angekusamehe."

Swaib hakucheka. Hakumruhusu Bruhan atembee mbele yake hata hatua moja. Alimwambia anahama, anakwenda Busia, avuke hata Kenya, mahali asipoweza kumwona.

"Ukienda Kenya, nakuja Kenya," Bruhan alisema. "Wewe ulinibeba mgongoni nikiwa na surua. Leo nikuache na jinamizi hili? Sahau."

Kupendwa nako kuna wakati ni balaa.

Swaib alijifungia karakanani. Alichukua waya wa kufungia mizigo, akaufunga mkono wake wa kulia, vidole vyote, mpaka ukawa donge. Akaufunga tena na kitambaa. Alikuwa akivuta fundo kwa meno Bruhan alipousukuma mlango, ameshika birika la chai na chapati mbili kwenye gazeti.

"Kaka, hujala tangu jana."

"Toka."

"Nitatoka ukinywa chai."

"Bruhan, toka! Nenda kwa mkeo. Nakuomba. Mimi ndiye niliyekulea, sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Nenda."

Bruhan alimtazama. Macho yalimjaa machozi. Alikuwa mbishi tangu utotoni, hakuna asiyejua, lakini kaka yake hakuwahi kumlilia namna hiyo. Aliweka birika chini.

"Sawa, kaka," alisema.

Akamtii. Akageuka kwenda, akampa mgongo.

"Mpige."

Sauti ilikuwa sikioni, kavu, yenye mikwaruzo.

"Sitaki," Swaib alisema.

"Mpige."

"Ni ndugu yangu!"

Bruhan alisimama mlangoni. "Unaongea na nani, kaka?"

"Usigeuke! Kimbia!"

"Mpige."

Swaib alisikia mtu akijibu. Alisikia maneno yakitoka kinywani mwake, kwa sauti asiyoijua. "Tayari, afande." Ndani ya waya, ndani ya kitambaa, kidole chake cha shahada kikajikunja.

Mabati yalitoboka kutoka juu. Bruhan alirushwa mbele kana kwamba amesukumwa na lori, akakatika vipande viwili, cha juu kikatupwa uani. Nusu ya chini ilibaki kizingitini. Miguu ilicheza kidogo. Chai ilikuwa bado ikifuka moshi kwenye birika.

Sisi majirani tulikuja mbio. Swaib alikuwa amekaa amekumbatia kile kilichobaki, akijaribu kukiunganisha kwa mkono mmoja, akirudia, "Nilimwambia aende. Alikuwa anakwenda."

Alikiri siku hiyo hiyo. Anakiri hadi leo. Kila asubuhi huenda kituo cha polisi, husimama mbele ya kaunta, huomba afungwe. Afande Santa, mama wa watu mwenye subira, amechoka naye lakini hajawahi kumfukuza.

"Mzee Swaib, mimi nitakufunga na nini? Bunduki iko wapi? Mkono yako ilikuwa kwa waya, tulifungua na koleo. Rudi nyumbani, baba. Pole sana."

Hurudi. Shamim amekwisha kuwachukua watoto kwao, na mjane wa Bruhan hapiti tena mtaa huu.

Karakana ipo, mwenye kutaka aje aitazame. Matundu ya mabati hayajazibwa. Jua huingia hapo na kuweka madoa ya mwanga sakafuni, kuanzia alipokuwa amesimama Swaib mpaka kizingitini. Mwezi uliopita ilinyesha mvua kubwa, ile ya kung'oa migomba, nikakimbilia humo kujificha pamoja na Norman. Tulisimama chini ya matundu yale tukitazama juu. Wingu jeusi tuliliona. Mvua tuliiona ikianguka. Lakini hakuna tone lililoingia, kana kwamba juu ya paa palikuwa na bawa tusiloliona.