Uzi wa Tano

Banjo ile ilikuwa imelala juu ya kabati miezi saba bila kuguswa na mtu, na bado nyuzi zake zote zilikuwa sawa.

Odera aligundua hilo kabla hajavua koti. Alipitisha kidole gumba mara moja tu, na sauti tano zikatoka safi, kama za chombo kilichowekwa chini dakika hiyo hiyo. Akapitisha tena. Nje, mvua ya mji wa Burnt Forest ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi, na ngozi ya banjo hii haikuwa ya plastiki. Ilikuwa ya mbuzi, ngozi halisi yenye madoa ya kahawia. Kila mpigaji anajua kwamba ngozi ya namna hiyo hunyonya unyevu na kulegea, na ikilegea, sauti nayo hushuka. Hii ilikuwa imekaza kama ya kiangazi cha Januari.

"Nani huiweka sawa, Mama?" aliuliza.

Warigia, mwenye nyumba, alikuwa amesimama mlangoni na sweta la marehemu mumewe mwilini. Hakumwalika mgeni kuketi. "Hakuna mtu anaigusa hapa."

"Miezi saba yote?"

"Tangu tumzike mume wangu Ng'ang'a. Kijana, umekuja kununua ama kunihoji?"

Odera aliinama akaendelea na kazi. Alifumba jicho moja akaitazama shingo kwa urefu wake; ilikuwa imenyooka. Alijaribu vigingi vyote vya kukazia nyuzi, kimoja kimoja, na havikuteleza. Aligonga ngozi kwa kifundo cha kidole kando ya kila skrubu, akisikiliza kama kuna mahali sauti inazama, na haikuzama popote. Aliitikisa karibu na sikio ili asikie kama kuna kitu kimelegea ndani. Kimya. Banjo yake mwenyewe ilikuwa imepinda shingo, na Kigen, kiongozi wa bendi yao ya kantri, alikuwa amemwambia mbele ya watu wote, "Omera, ndugu yangu, ukikuja Jumapili na hiyo jembe yako tena, nakuweka shambani." Hii hapa ilikuwa bora kuliko chombo chochote alichowahi kushika.

Kitu kimoja tu hakukipenda. Alipoinusa ngozi, ilinuka mbichi, kama mbuzi aliyechunwa asubuhi ile.

Walipopatana bei, Warigia aliishika banjo kwa ncha za vidole na kumsukumia kifuani.

"Sikiza. Ukifika kwako, kabla hujaipiga, kabla mtu wako yeyote hajaizoea, fungua nyuzi zote. Zote pamoja. Usiache hata moja imekaza. Uilaze hivyo siku nzima, ndipo uweke zingine."

"Sawa, Mama."

"Usiniambie sawa ya kunifukuza. Umesikia?"

"Nimesikia."

Alikuwa amesikia, lakini njiani kurudi Eldoret alicheka peke yake. Kidaraja cha banjo, kile kijiti kinachobeba nyuzi, hakijabandikwa kwa gundi. Kinasimama juu ya ngozi kwa kubanwa na nyuzi tu. Ukizifungua zote kwa mara moja, kinaanguka, mahali pake panapotea, na unatumia nusu siku kupatafuta tena. Mtu aliyelelewa na chombo hiki hufungua uzi mmoja, akaweka mpya, akaukaza, ndipo aguse wa pili. Odera alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na mitano. Mama anayelima viazi angemfundisha nini kuhusu nyuzi?

Simlaumu sana. Yeyote anayejua kazi yake vizuri angecheka vivyo hivyo.

Jioni ile, nyumbani kwao mtaani Kapsoya, aliketi mezani na pakiti ya nyuzi mpya. Mkewe Christabel, muuguzi katika zahanati moja ya mtaani, alikuwa akikatakata mboga za sukuma. Binti yao Adoyo, mwenye miaka saba, alikuwa akifanya hesabu za shule upande wa pili wa meza. Odera akafungua uzi wa kwanza. Ulikuwa na joto. Aliushika vizuri akaona kweli, ulikuwa na joto la kitu kilichotoka mfukoni. Akaweka mpya. Akafungua wa pili, na alipoulegeza, ule wa kwanza ukavuma wenyewe, polepole, kama mtu anayekaa vizuri mahali alipohamia. Akaweka mpya. Wa tatu. Wa nne. Akafika kwenye wa tano, ule mfupi ambao hauanzii juu pamoja na wenzake bali una kigingi chake ubavuni mwa shingo, na ambao kazi yake katika wimbo ni kurudia sauti ile ile moja tangu mwanzo hadi mwisho. Alipoukaza huo mpya ukafika kwenye sauti yake, Adoyo aliinua kichwa.

"Baba, nani ameniita?"

"Hakuna mtu amekuita. Maliza hesabu."

"Ameniita na jina yote."

"Mama Adoyo, fungua dirisha," Odera alisema. "Hii kitu inanuka."

"Uliileta wewe," Christabel akajibu bila kugeuka. "Fungua wewe."

Jumapili alasiri, katika hoteli walikopiga kila wiki, Odera alipiga kuliko alivyowahi kupiga. Hata Kigen alitikisa kichwa kwa wivu wa kirafiki. Lakini wimbo wa tatu ulipokwisha, kidole gumba cha Odera hakikwisha. Kiliendelea kuugonga uzi wa tano, ti, ti, ti, kwa mwendo ambao haukuwa wa wimbo wowote.

"Haya, umeshinda, wacha sasa," Kigen alisema kwenye maikrofoni, na watu wakacheka.

Ti, ti, ti.

"Odera. Wimbo imeisha, bwana."

"Najua," Odera alinong'ona. "Sijui kuacha."

Kicheko kilikauka. Harufu ya ngozi mbichi ilishuka kutoka jukwaani hadi kwenye meza za mbele, na mama mmoja akafunika sahani yake kwa mkono. Mtu akapiga kelele nyuma, "Mtoeni huyo mlevi!" Odera hakuwa amekunywa kitu. Ilibidi Kigen amshike mkono kwa mikono yake miwili na kuuvuta, na alipouvuta, uzi ukaendelea kulia mara mbili bila kidole chochote juu yake. Wote wawili waliona. Kigen akamwachia kama aliyeungua.

"Toka na hiyo kitu," alisema kwa sauti ya chini. "Toka nayo saa hii. Usinipigie simu."

Odera alifika nyumbani jua likiwa bado juu ya paa za Kapsoya. Aliitundika banjo kwenye msumari sebuleni, akaketi mbali nayo. Ti, ikasema. Ti. Adoyo alikuwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi, kifua kikipanda kwa shida, na Christabel alikuwa amepiga magoti kando yake, ameshika saa yake ya mkono kama anavyofanya kazini.

"Tangu saa nane anapumua hivi," alisema. "Hana homa. Kifua chake hakina kitu, nimesikiliza. Na uliporudi na hiyo kitu yako..." Macho yake yalirudi kwenye saa. Odera aliona midomo yake ikihesabu. Ti. Kifua kikapanda. Ti. Kikapanda. "Baba Adoyo," Christabel alisema, na sasa alinong'ona, "ni pamoja. Inalia, ndiyo mtoto anavuta."

Odera aliruka, akaishika banjo, akapeleka mkono kwenye kigingi cha ubavuni na kukilegeza robo mzunguko tu. Sauti ilishuka. Na kwenye kochi Adoyo alikunja mgongo, macho yakafunguka yakawa meupe, mdomo ukapanuka na hakuna hewa iliyoingia wala kutoka, mikono yake midogo ikakwaruza kitambaa cha kochi, na rangi ya midomo yake ikageuka ya jivu mbele yao, mpaka Odera, akipiga kelele asizozisikia mwenyewe, akakirudisha kigingi mahali pake na uzi ukapanda tena hadi kwenye sauti yake ya mwanzo, na mtoto akavuta pumzi ndefu yenye mluzi.

Christabel alikuwa tayari na plaiz, koleo la kukatia waya, mkononi.

"Toka hapo nikate."

"Ukikata unamkata yeye!"

"Kwa hivyo tunaiacha? Chombo ama mtoto, Odera? Sema nikusikie!"

Odera alimshika kifundo cha mkono, na kwa muda walisukumana kama maadui, watu wawili waliooana miaka kumi na moja. Kisha Odera akatoa simu kwa mkono wa pili, akampigia Warigia, akaiweka sauti ya juu.

Mjane alisikiliza bila kumkatiza.

"Ulifungua zote pamoja?" aliuliza.

"Moja moja."

Nyuma ya Warigia ng'ombe alilia. "Basi umelifungulia njia," Warigia alisema. "Jini hilo linakaa kwa uzi. Ukifungua mmoja, linavuka kwa mwingine. Ukifungua zote, halina pa kukanyaga, linatoka. Lakini ni kabla halijajua watu wa nyumba. Sasa linajua."

"Mbona hukufungua wewe?"

"Kwangu lilikuwa linajua zamani. Uzi ulikatika wenyewe tukikula chakula cha mchana, na kijana wangu akakatika nao hapo mezani. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yake akaweka uzi mwingine, kisha akamfuata kwa huzuni. Nilipotaka kufungua zote, mjukuu akaanza kukohoa. Ungefanya nini?"

"Ukaniuzia mimi!" Odera alipaza sauti. "Niko na mtoto!"

"Nilikuambia. Mbele ya mlango wangu nilikuambia."

"Nifanye nini sasa, Mama? Tafadhali."

"Ningejua," Warigia alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikapoteza ukali, "si ningekuwa na kijana." Simu ikakatika.

Odera aliitazama pakiti ya nyuzi. Alikuwa amebakiwa na uzi mmoja wa akiba, waya mwembamba wenye kitanzi upande mmoja. Linavuka kwa mwingine, mama alikuwa amesema. Kwa nini livuke tu kutoka uzi hadi uzi?

"Shika kigingi hiki," alimwambia Christabel. "Usikizungushe mpaka nikuonyeshe kwa macho. Nikikuonyesha, legeza polepole. Kisha uzi wangu uufunge hapo hapo."

"Unataka kufanya nini?"

"Nampa jini mahali pengine pa kukaa."

Alivika kitanzi cha uzi mpya kwenye ndoano iliyo mkiani mwa banjo, akaupitisha juu ya kidaraja, na ncha ya pili akaiuma kwa meno ya nyuma. Akaikumbatia banjo na kuvuta kichwa nyuma. Uzi ukaimba, chini mno. Akavuta zaidi, waya ukamkata kona ya mdomo, damu ikamtiririka kidevuni, na akavuta tena huku akiugonga kwa kidole na kusikiliza ile sauti moja aliyoijua kuliko jina lake, mpaka nyuzi mbili, wa zamani na mpya, zikalia kitu kimoja na hakuna sikio ambalo lingezitofautisha, na hapo akahisi mtetemo ukiingia menoni, ukapita taya, ukashuka kooni taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa ukuta, ukafika kifuani, ukaketi.

Alimwonyesha kwa macho. Christabel, akilia, akalegeza.

Uzi wa zamani ulilala. Kwenye kochi Adoyo alikohoa mara moja, akafunga mdomo, akapumua kwa pua, kimya kabisa, kama mtoto yeyote. Na Odera akagundua kwamba hawezi kuvuta pumzi mpaka mkewe amalize kuuzungusha ule mpya kwenye kigingi.

Ni mwaka sasa. Banjo haijauzwa tena. Odera amekataa hata kumwambia mtu yeyote kwamba anayo. Nyuzi nne za juu alizitoa, hazikuwa na kitu. Kila wiki chache, kabla waya haujaanza kuota kutu, huweka mwingine kwa namna ile ile, kwa meno, na Christabel hushika kigingi. Hawazungumzi wakifanya hivyo. Ngozi imekuwa ngozi ya kawaida: kilichokuwa kikiikaza kimehamia kwake, na mvua ikinyesha hulegea kama ya banjo yoyote. Siku hizo sauti ya uzi hushuka, kifua chake hubana, na mkewe huamka, au huomba ruhusa kazini, akaja kuukaza uzi kidogo.

Jumanne iliyopita mvua ilikuja ghafla, saa tisa, kabla Christabel hajatoka zahanati. Odera alikuwa amejilaza sebuleni. Alijaribu kuinuka akashindwa. Alijaribu kuita na hakukuwa na hewa ya kuitia. Mlango ukafunguka, Adoyo akaingia na mkoba wa shule, viatu vimejaa tope. Alisimama katikati ya chumba, ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Baba," alisema, "umeshuka."

Aliishusha banjo msumarini kwa uangalifu, akaiweka mapajani.

"Usijali, nasikia pahali unafaa kuwa. Ngoja nikuweke sawa."

Odera alitikisa kichwa, akaonyesha kwa macho, kwa kidole, huku, si huko, lakini mtoto alikuwa amefumba macho ili asikie vizuri zaidi. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye kigingi, na hakuna aliyewahi kumwambia ni upande upi unaokaza na upi unaolegeza.