Sanduku Lililokataa Kwenda Malindi

"Karafuu zishatiwa sandukuni. Zinakwenda majini. Zuia."

Sauti ya Mansour ikakatika kwenye redio ya Motorola.

Mwatum alikuwa kajibana nyuma ya ngazi, ndani ya nyumba kongwe ya mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe, buibui limemchanika begani. Wala hakuhitaji kuambiwa. Sanduku lenyewe lilikuwa mbele yake, katikati ya ukumbi: jeusi, la chuma, la kubebea maspika. Kufuli tatu. Matundu manane ya hewa. Magurudumu manne.

Na karafuu hizo zilikuwa mtu.

Kaniz, mfamasia wa Mkunazini, ndiye pekee aliyewaona kwa macho yake watu wanaoingiza dawa bandia za moyo kisiwani. Jumatatu angewataja mahakamani. Mwatum, aliyekuwa jasusi kwa miaka kumi na moja, ndiye aliyepewa kazi ya kumlinda, na asubuhi hii alimwacha dakika mbili ili apokee simu. Dakika mbili! Nafsi ilikuwa ikimsuta.

"Mansour, uko wapi?" alimnong'oneza mkuu wake redioni.

"Niko mtaa wa Amani. Njia imefungana. Nipe dakika ishirini."

"Boti yao ipo gatini, hapo Malindi, mkuu. Wakitoka hapa, dakika tano washafika. Baharini watamtupa."

"Una silaha?"

"Bastola yangu, ile Glock, imezama bandarini katika purukushani. Nna koleo la Leatherman."



"Basi wacheleweshe. Fanya lolote."

Lolote! Watu wa ofisini bwana, maneno hayawapi tabu.

Ghorofani, Kessler, mkuu wa genge hilo, alikuwa akifokeana na nahodha wake kwenye simu ya setilaiti ya Thuraya. Mzungu huyo aliichagua saa ya sala ya Ijumaa kwa makusudi: wanaume wote msikitini, vichochoro vitupu, hakuna wa kumwona. Alijiona mjanja kweli.

Mwatum akalitazama sanduku. Kilo mia mbili, pengine zaidi. Likiwa na magurudumu, Kessler na mwenzake mmoja mwenye kipara wangelisukuma bila jasho. Bila magurudumu, lingetaka mahamali sita. Na saa hii, katika Mji Mkongwe mzima, hamali umtoe wapi?

Akavua viatu, akakimbilia jikoni.

Alirudi na mchi wa kinu, mbuzi ya kukunia nazi na jiwe la kusagia. Akaiweka mbuzi chini, akapitisha mchi juu yake mpaka chini ya kona ya sanduku, akalala juu ya mchi kwa uzito wake wote.

Kona ikanyanyuka. Akasukuma jiwe kwa mguu, likaingia.

Gurudumu halikuwa na skrubu. Kijiti chake cha chuma kilikuwa kimechomekwa tu kwenye tundu. Akakibana kwa koleo, akazungusha, akavuta.

Moja.

Ndani, kitu kikagonga. Taratibu. Kidole cha mtu.

"Bi Kaniz, ni mimi," alinong'ona mdomo ukiwa kwenye tundu la hewa. "Nvumilie, mama. Tafadhali nvumilie."

Akahamishia mchi na jiwe kona nyingine. La pili likatoka. La tatu likamchuna ngozi ya kiganja.

La nne likagoma.

Kutu! Chumvi ya bahari ilikuwa imelila, limeganda. Mwatum alivuta mpaka machozi yakamtoka. Juu, sauti ya Kessler ikakatika. Viatu vikaanza kuelekea ngazini.

Akarudi jikoni mbio, akaja na chupa ya mafuta ya nazi, akamimina yote. Akavuta tena. Yallah, toka! Toka, mwanaharamu we!

Likatoka.

Akaondoa jiwe, akavikunja vitu vyote ndani ya buibui, akajitupa navyo nyuma ya ngazi.

Kessler alisukuma. Sanduku halikutikisika. Mwenye kipara akaongeza nguvu. Chuma kikakwaruza sakafu, kikasimama hapo hapo. Kessler akachungulia chini, uso ukamwiva. Akafungua mlango.

"Hamali!" aliita, noti za dola mkononi. "Hamali! Mimi lipa vizuri!"

Kichochoroni hapakuwa na hata paka. Kilichosikika ni sauti ya imamu tu, kutoka msikiti wa jirani.

Akarudi ndani. Akatoa bastola ya Beretta, akaielekeza kwenye sanduku.

Mwatum hakufikiri. Alitoka mafichoni, akajilaza juu ya chuma, mikono kaitandaza.

"Piga," alisema. "Piga, bwana. Msikiti upo nyuma ya ukuta huu. Mlio mmoja tu, mji mzima utakuja."

Alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa sana.

Kidole cha Kessler kikasita.

"Assalaamu alaykum wa rahmatullah," ikasikika spika ya msikiti. Kisha mara ya pili: sala imekwisha. Kisha vishindo vya makubadhi, na kichochoro kikajaa kanzu.

"Jamani!" Mwatum akapiga ukelele. "Sandukuni muna mtu!"

Mlango ukajaa watu. Kessler aliwatazama, akaiweka bastola sakafuni mwenyewe.

Mansour alifika na askari na mkasi wa kukatia kufuli. Kaniz akatolewa, kalowa nywele kwa jasho, midomo imemkauka. Mahamali wawili waliotoka msikitini wakainama wambebe.

"Nibebwe tena?" alisema. "Nshabebwa vya kutosha leo. Ntakwenda kwa miguu yangu."

Akapiga hatua. Akapepesuka. Watu wakampisha. Mwatum alibaki ukutani, hana uso wa kumtazama.

Mlangoni Kaniz akasimama, akanyoosha mkono nyuma bila ya kugeuka.

"We Mwatum, unangoja nini? Nshike mkono."

Mwatum akatanda ushungi vizuri, akamshika.

"Mwatum!" Mansour akaita. "Ripoti!"

"Baadaye, mkuu," alijibu, wakaingia kichochoroni polepole, hakuna aliyegeuka.