Suruali Nyeupe ya Fundi

Mume wangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi. Tangu aanguke kutoka juu ya paa, anatumia kiti cha magurudumu. Miguu haimtii, lakini mikono, weee! Anashona kama zamani.

Tatizo lilikuwa mkojo. Ulimtoka bila yeye kujua. Aibu ilimla. Akajishonea suruali nyeusi tupu, ili akilowa pasionekane. Kisha akaacha kunywa maji.

"Kisichoingia hakitoki," alisema. Kichwa kigumu, huyo!

Harusi ya binti yetu ikakaribia.

"Mimi siji," Fundi akasema. "Nikajikojolee mbele ya wakwe?"

"Baba, usipokuja, na mimi sitoki humu ndani," binti akajibu, machozi yanamtoka.

Wiki hiyohiyo Fundi akashikwa na homa. Mkojo ulikuwa mzito na unanuka. Nikamkimbilia jirani yetu, nesi. Akatupeleka hospitali, Fundi akatibiwa. Alipopata nafuu, nesi akaja kumjulia hali.

"Shemeji, maji yamekukosea nini?" akamtania. Kisha akaeleza. "Ndani ya uti wa mgongo mna mshipa mkuu wa fahamu. Kibofu kikijaa, habari hupita humo hadi kwenye ubongo. Ubongo hujibu: subiri, au toa. Mshipa wako uliumia ulipoanguka. Habari hazifiki. Kibofu kinajibana chenyewe, unalowa. Mkojo mwingine unabaki ndani, vijidudu vinazaana. Na usipokunywa maji, unavisaidia."

"Kwa hiyo si uzembe wangu?"

"Uzembe gani, shemeji! Ni majeraha."

Fundi akashusha pumzi. Mimi nililia kidogo, kwa furaha.

"Sasa kunywa maji," nesi akaendelea. "Usingoje kusikia haja. Fuata saa utakazopangiwa hospitalini. Nawa mikono kwa sabuni, ingiza mpira mwembamba ulio safi kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni, mkojo wote utoke. Watakufundisha."

Mwanzoni Fundi alinung'unika. "Mpira gani huu!"

"Unatunga uzi kwenye sindano kila siku," nikamwambia. "Mpira ndio ukushinde?"

Akacheka. Akajifunza. Kulowa kukapungua, na homa haikurudi.

Asubuhi ya harusi, mlango wa chumba ukafunguliwa. Nikashika mdomo. Fundi amevaa suruali nyeupe pe!

"Umeishona lini, wewe?"

"Ulipokuwa sokoni. Haya, nipe maji, glasi kubwa. Binti yangu ananisubiri."