Mlango wa Chumba cha Tatu

Wakonyo alifagia ua wa nyumba yake kila asubuhi, na wala si kwa sababu ya uchafu. Alifagia ili apite mbele ya kila mlango na kunusa.

Nyumba hiyo ilikuwa Majengo, mjini Thika, mwaka wa hamsini na saba. Ilikuwa na vyumba vitano vilivyopangana kama ng'ombe kwenye josho. Marehemu mume wake aliijenga kwa udongo na mabati, akafa kabla hajapaka chokaa ukuta wa nyuma. Chumba kimoja alikaa Wakonyo. Vinne alipangisha. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyomlisha, ikamvika, ikamtolea sadaka kanisani.

Pua ya Wakonyo ilikuwa karani wake. Harufu ya nyama: mpangaji ana pesa. Harufu ya mboga tupu: mpangaji anangoja mwisho wa mwezi. Hakuna harufu kabisa: jihadhari, huyo ataanza kukusalimia kwa adabu nyingi.

Chumba cha tatu walikaa Jeconia na mke wake Awiti, watu wa Nyanza, pamoja na mtoto wao Ouma, ambaye alikuwa ameanza kutembea juzi tu. Jeconia alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha ngozi. Mwezi wa tano kiwanda kilipunguza watu, naye akapunguzwa. Akaamua kwenda Ruiru kutafuta kazi kwenye mashamba ya kahawa.

"Mama, nivumilie," alimwambia Wakonyo. "Nikipata kazi nitakuja kulipa, niwachukue watu wangu."

"Kuvumilia ndiyo kazi yangu," Wakonyo alimjibu, "ila sijaona anayenilipa mshahara wake."

Wakacheka wote wawili. Hawakucheka pamoja tena.

Mwezi wa sita akaja Bwana Afya, mkaguzi wa baraza la mji. Alikuwa na kofia ngumu na kaptura iliyopigwa pasi. Aliangalia choo. Aliangalia maji machafu yaliyopita uani. Akaziba pua.

"Mama, choo hiki kimejaa," alisema. "Na mtaro wa simiti uko wapi? Nataka choo kipya na mtaro kabla mwezi wa nane haujaisha. La sivyo nyumba itafungwa."

"Ifungwe? Na mimi nikalale wapi?"

"Hilo si swali la idara ya afya," akasema Bwana Afya, akaenda zake.

Wakonyo alikwenda dukani kuuliza bei ya simiti. Ilikuwa imepanda. Akamuuliza fundi. Fundi naye alikuwa amepanda. Ada ya kiwanja ilikuwa imepanda tangu mwaka mpya. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijapanda, nacho ni kodi ya vyumba vyake.

Akaenda kwa Gachanja, mwenye nyumba mwenzake. Gachanja alikuwa na vyumba kumi, na tumbo la mtu mwenye vyumba ishirini.

"Nyina wa Ngendo," Gachanja alisema, akimwita kwa jina la binti yake kama ilivyo heshima ya Wakikuyu, "una chumba kinachokaliwa bure, halafu unalia huna simiti?"

"Mume yuko Ruiru. Nitamtoaje mwanamke na mtoto?"

"Nani amesema umtoe? Wewe toa mlango tu. Atajitoa mwenyewe. Hapa Majengo sote tunafanya hivyo. Humpigi mtu, humtukani, hugusi sufuria yake. Mlango ni wako. Unauchukua, unaenda nao kwako."

"Na baridi hii ya Julai?"

"Baridi ndiyo inayosaidia!" Gachanja akacheka, tumbo likacheka nyuma yake.

Wakonyo hakulipenda jambo hilo. Alirudi nyumbani akiwa ameamua kungoja kidogo. Lakini kesho yake alipofagia, alisikia harufu ikitoka chumba cha tatu. Samaki.

Kwao Wakonyo samaki hakuliwa. Tangu utotoni alijua samaki ni chakula cha Wazungu wa hotelini. Wao ndio waliowavua mtoni kwa fimbo ndefu, wakiwa wamekaa kwenye viti. Akasimama na fagio mkononi.

"Kumbe!" akajisemea. "Mimi sina simiti, na huyu anakula chakula cha mabwana!"

Hakubisha hodi. Alikwenda kuchukua nyundo na tindo ya marehemu.

Awiti alitoka aliposikia bawaba zikigongwa. Alikuwa amembeba Ouma begani.

"Mama, unafanya nini?"

"Natengeneza mlango."

"Mlango una nini?"

"Una mpangaji asiyelipa."

"Yawa! Mama, mtoto anakohoa. Ngoja Jumamosi tu. Jeconia alisema huenda akaja Jumamosi."

"Kila Jumamosi ina Jumamosi nyingine nyuma yake."

"Nikihama leo, akija atanipata wapi?"

"Nenda kwa hao wanaokupa samaki."

Awiti alimtazama kama mtu asiyesikia vizuri. Alimfunika mtoto kwa kanga yake, akasogea kando ili bawaba ya chini ing'olewe.

Wakonyo aliuegemeza mlango kwenye ukuta wa chumba chake. Awiti alitundika magunia mawili penye mwanya. Siku hiyo ikanyesha ile mvua nyembamba ya Julai, isiyolowesha shamba lakini inayoingia hadi kwenye mifupa. Ikanyesha na kesho yake.

Ukuta ulikuwa mwembamba. Wakonyo alimsikia Ouma akikohoa. Akaanza kuimba nyimbo za kanisani ili asisikie. Aliimba zote alizozijua, kisha akazianza upya. Kikohozi kikabadilika. Kikawa kifupi na chembamba, kama mlio wa kifaranga aliyekanyagwa.

Alikoroga uji, akaujaza kikombe, akatoka nao. Alifika hadi kwenye magunia. Hapo akakumbuka mtaro. Akarudi na uji wake, akaunywa mwenyewe.

Ijumaa asubuhi Dalmas alimjia. Dalmas, naye mtu wa Nyanza, alikuwa mkalimani wa korti, na alipanga nyumba ya jirani. Kwa kuwa kazini alisema maneno ya watu wengine tu, alipotoka kazini alikuwa na yake mengi. Siku hiyo hakuanza na salamu.

"Mama Wakonyo, mlango wa watu uko wapi?"

"Wa watu? Mlango ni wangu. Mume wangu aliununua."

"Nimetoka kumpeleka Awiti hospitali. Mtoto ana kichomi. Mapafu yamejaa, anapumua kwa mbavu."

Wakonyo akakaa kwenye kigoda.

"Sikiliza, mama," Dalmas alisema. "Mbao ni zako, kweli. Lakini ulipompa mtu chumba akakulipa kodi, ulimpa chumba na mlango wake. Huwezi kumnyang'anya kipande kipande. Ukitaka ahame, mpe notisi mbele ya mashahidi, umwambie siku gani atoke. Asipotoka, njoo kortini ushtaki. Hakimu ndiye anayeamua, na korti ndiyo inayomtoa. Si wewe na nyundo yako."

"Na mpaka hakimu aamue, mimi nile nini? Bwana Afya atanifungia nyumba!"

"Ulimwomba akuongezee muda?"

"Mtu mwenye kaptura ya namna ile, nani atamwomba kitu?"

"Wanaombwa, mama, na huongeza wakiona kazi imeanza. Na Jeconia je? Ana mikono miwili yenye nguvu. Angekuchimbia choo badala ya kodi kabla hajaenda Ruiru. Ulimwuliza?"

"Sikumwuliza," alisema Wakonyo. Kisha akainua kichwa. "Lakini mke wake ana pesa! Nilinusa samaki!"

Dalmas akainama usawa wa kigoda chake.

"Mama, wale ni samaki wakavu. Dada yake aliwatuma kwa gari la moshi kutoka Kisumu. Huko kwetu hicho ndicho chakula cha asiye na kitu. Amechemsha kichwa kilekile tangu Jumatatu, apate ladha ya kulia ugali."

Wakonyo alichukua mlango kichwani, akauegemeza penye mwanya wa chumba cha tatu, akaanza kutafuta misumari ya bawaba. Misumari ilimponyoka, ikaanguka. Aliigonga hadi jioni na mlango ukakaa upande. Hakukuwa na mtu ndani.

Ouma alifariki hospitalini Jumamosi kabla ya mapambazuko. Dalmas alimletea Wakonyo habari, akarudi kwa Awiti.

Saa sita mchana Jeconia alifika kutoka Ruiru. Uani hapakuwa na mtu ila Wakonyo.

"Mama, nimepata!" alisema kabla hajafika karibu. "Shamba la kahawa, na chumba wanatoa. Wako wapi watu wangu? Mbona mlango umekaa upande?"

Wakonyo alikuwa mtu wa maneno. Kila mtu Majengo alijua kwamba hakosi jibu. Akaenda akaushika mlango, akaunyoosha, ukarudi upande.

"Niliung'oa," akasema mwishowe. "Kwa sababu ya kodi. Ouma akashikwa na baridi. Awiti yuko hospitali na Dalmas." Akauachia mlango. "Jeconia, mtoto hayupo."

Jeconia aliweka chini mfuko aliobeba. Alikaa kizingitini, akatazama ua uliofagiliwa vizuri. Alikaa pale hadi Dalmas alipomleta Awiti.

Jioni walizungumza habari ya mazishi. Nyanza ilikuwa mbali, ikaamuliwa mtoto azikwe Thika. Fundi seremala aliitwa kutengeneza jeneza.

"Mbao nitanunua mimi," alisema Wakonyo.

"Sitaki mbao zako za kununua," alisema Jeconia, bila kupandisha sauti. "Nipe ule mlango. Nimeulipia kodi mwaka mzima."

Wakaung'oa tena pamoja, Jeconia akishika juu na Wakonyo akishika chini. Fundi akaupima na kuukata. Ulitosha, ukabaki.

Baada ya mazishi Jeconia na Awiti walichukua vyombo vyao, wakaenda Ruiru. Habari ya kodi hakuna aliyeitaja.

Wakonyo hakufagia ua kwa siku nyingi. Siku aliyotoka ndani, alikwenda moja kwa moja kwa Dalmas.

"Niambie tena yale maneno," alisema. "Polepole. Na uwaambie wenzangu."

Wenye nyumba walikutana uani kwa Wakonyo. Gachanja alikuja na kigoda chake, maana vya wengine vilikuwa vinavunjika.

"Sasa mkalimani atatufundisha kukaa na nyumba zetu?" akadhihaki. "Yeye mwenyewe ni mpangaji!"

"Gachanja, kaa kitako," Wakonyo alisema. "Ulinipa shauri, nikalifuata, nikamzika mtoto wa watu. Leo wewe ndiye utakayesikiliza."

Gachanja akakaa.

Dalmas aliwaeleza habari ya notisi, mashahidi na korti. Akawaeleza kuzungumza na mpangaji mwezi wa kwanza anapokwama, kabla deni halijawa mlima. Akawaambia waweke kando kidogo kila mwezi kwa ajili ya choo na paa, kwa kuwa nyumba nayo hula. Kisha wakaenda wote pamoja kwa Bwana Afya. Mtu mmoja angeogopa ile kaptura, lakini walikuwa kumi na wawili. Wakapewa muda hadi Krismasi. Simiti waliinunua kwa pamoja, na mwenye duka akapunguza bei.

Mwezi wa kumi mpangaji mwingine wa Wakonyo, Tobias, alikosa kazi. Wakonyo alibisha hodi mlangoni kwake.

"Tobias, baba, umekwama?"

"Nimekwama, mama."

"Unajua kuchimba?"

Tobias akachimba choo na mtaro, na hesabu yake ya kodi ikaisha. Bwana Afya alipokuja, alizunguka ua mzima akitafuta kosa, akaondoka bila kulipata. Nyumba haikufungwa. Majengo yote, hata kwa Gachanja, hakuna mlango mwingine ulioondolewa mwaka ule.

Mwaka mpya Wakonyo aliomba kibali cha kusafiri, maana siku zile za Emajensi, yaani hali ya hatari, Mkikuyu hakwenda popote bila karatasi. Alikwenda Ruiru kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Alipopita sokoni alimwona Awiti ameketi nyuma ya mafungu ya vitunguu.

Alisimama mbele yake. Hakujua aanzie wapi, basi akaanza kueleza. Alieleza habari za notisi na mashahidi. Alieleza kuhusu Tobias na choo, na jinsi wenye nyumba wote walivyokubaliana. Alieleza haraka haraka, kama mtoto anayesomea mwalimu.

Awiti alimsikiliza hadi mwisho.

"Ni vizuri, mama," alisema. "Ni vizuri kwa hao."

Wakonyo akatoa pesa, akaomba fungu moja la vitunguu. Awiti alilifunga kwenye gazeti. Kisha akamwongezea kitunguu kimoja juu, kama alivyomwongezea kila mnunuzi, akamgeukia mtu aliyefuata.